Jina Walilosema Limo Ndani ya Damu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, mimi na mume wangu Wafula tulitembea kutoka Kawangware mpaka Kibera bila kuhisi uchovu, ingawa mimba yangu ilikuwa kubwa. Tulikuwa tumemsikiliza mhubiri mgeni karibu na soko la Kawangware. Alisema wanasayansi wamegundua kitu kama kamba nyembamba ndani ya mwili, kinaitwa DNA, kimejaa herufi, na kwamba wanatuficha siri yake: herufi zile ni jina la Mungu. Tulisisimka ajabu. Mimi fundi wa kushona nguo, kumbe nimebeba jina la Mungu hadi kwenye kucha! Wafula alikuwa akisimama njiani, anautazama mkono wake, anacheka peke yake.

Lakini mhubiri aliongeza jambo. Atakayewekewa damu ya mtu mwingine, jina lake litavurugika, na Mungu hatamtambua. Hilo nalo tulilimeza, kwa kuwa lilikuja pamoja na lile tamu.

Haukupita muda, uchungu ukanishika. Hospitalini nikajifungua msichana mwenye sauti kubwa, ila damu yangu haikukoma. Daktari akasema niongezewe damu upesi. Wafula akakataa. Nilikuwa nimelala pale, nimeishiwa nguvu, nikimsikia akimwambia muuguzi, "Sista, mkimwekea damu ya mtu mwingine, Mungu atamjuaje?" Moyoni nilikubaliana naye. Kufa niliogopa, lakini kusahauliwa na Mungu niliogopa zaidi.

Aliyetupeleka hospitali ni Mama Zamzam, Mwislamu wa Kinubi, mwenye nyumba tuliyopanga kule Kambi Muru, Kibera. Akamsogelea Wafula, wala hakupandisha sauti.

"Hilo jina liliandikwa na nani?"

"Na Mungu, mama."

"Na mimi nitakayemtolea damu je, niliandikwa na nani?"

Wafula akautazama mkono wake.

"Kama ni Mungu yuleyule, basi jina ni lilelile. Atashindwa kuusoma mwandiko wake kwa sababu umetoka kwangu ukaingia ndani ya mkeo?" Kisha akanigeukia. "Nafula, mwili ni wako. Wewe unasemaje?"

Mtoto alikuwa akilia kwa njaa. Nikasema, "Wanipe."

Mama Zamzam akakunja mkono wa nguo. Walipopima, damu zetu zikapatana. Kabla jua halijatua nilihisi joto likirudi miguuni. Furaha ile iliipita ya Kawangware mbali kabisa. Niliomba uji, nikaomba mtoto, nikaomba uji tena. Wafula akacheka huku machozi yanamtoka. Tukamwita mtoto Zamzam, na kanisani walipouliza hilo ni jina gani, Wafula hakuchoka kuwaeleza.

Sikukatazi kusisimka, mwanangu. Hata leo nikiwaza jinsi mwili ulivyoumbwa, nywele zinanisimama. Lakini mtu akikuletea siri tamu, isikilize mpaka mwisho, uone inakutaka umwogope nani. Ikiwa inakutenga na anayekuja kukuokoa, iache palepale barabarani, hata kama inataja jina la Mungu. Na usimkatalie mgonjwa matibabu kwa neno ulilosikia sokoni. Muulize mwenyewe anataka nini, na umsikilize anayejua kutibu.

Mungu akupe moyo wa kushangaa na akili ya kuuliza. Siku mwili utakapokulegea, usikose mtu wa kukaa kando ya kitanda chako, awe wa kanisa lako au wa msikiti wa jirani.