Tiketi mbili, begi moja ndani ya gunia, na neno nililomwambia karani wa Embakasi

Wakuu, habari zenu humu ndani.

Jana kuna mdau aliuliza swali. Ana tiketi mbili alizonunua mbali mbali, ndege mbili za kampuni tofauti. Je, begi lake litahamishwa lenyewe au itabidi alichukue mwenyewe katikati ya safari? Mkamjibu kwa mistari miwili, wengine mkamcheka.

Mimi sikucheka. Niliposoma lile swali nilirudi moja kwa moja pale uwanja wa ndege Embakasi, miaka ya tisini.

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Na kuna kipande ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu hajui.

Tulikuwa tunakaa Umoja, Nairobi, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Watu wa Magharibi ya Kenya, kanisa kila Jumapili, nyumba moja na kajiko nje. Mama alikuwa anakaanga samaki pale karibu na soko. Mtaa mzima walimwita Mama Nekesa, kwa sababu Nekesa ndiye mimi, kifungua mimba wake.

Nilikuwa nimemaliza uuguzi na nimekaa nyumbani mpaka nikaanza kuwaonea aibu majirani. Halafu hospitali moja ya Botswana ikanichukua. Siku hizo manesi na walimu wengi wa Kenya walikuwa wanaenda huko.

Barua ilisema hivi: ripoti Jumatatu saa mbili asubuhi, na vyeti halisi, kopi hazikubaliwi. Usipofika, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Na huyo anayefuata nilimjua! Tulisoma naye darasa moja, alikaa Donholm, na kila siku alikuwa anapiga simu pale duka la mtaani kwetu kuuliza kama bado nasafiri. Eti ananijulia hali. Ai, wacha tu.

Sasa tiketi. Ya kwanza, Nairobi mpaka Johannesburg, niliichukua kwa wakala mjini. Ya pili, Johannesburg mpaka Gaborone, ilitumwa na hospitali kwa posta ikafika siku tatu kabla ya safari. Kampuni mbili ambazo hazijuani. Vijana, kumbukeni tiketi zilikuwa vijitabu vya karatasi. Ukipoteza kijitabu, umepoteza safari.

Mimi akili yangu ilikuwa ya basi la kwenda ocha, kijijini kwetu. Ukienda Bungoma na ubadilishe basi Eldoret, unamwonyesha makanga mzigo wako, anaupandisha juu ya basi lingine, mnaendelea. Nilidhani na ndege zina makanga wao.

Lakini kosa kubwa halikuwa hilo. Kosa kubwa ni la kwetu sisi watu wa Eastlands, na naomba msinicheke.

Sisi tulilelewa kwamba kitu cha maana hakikai kwa mkoba. Mkoba ni wa kunyakuliwa. Mama alikuwa amenyakuliwa wake mara mbili hapo hapo steji ya mabasi. Kitu cha maana unakificha chini kabisa ya mzigo, juu yake unapanga vitu ambavyo mwizi hana haja navyo, halafu unafunga kabisa.

Ijumaa jioni mama akanipakia. Chini kabisa, bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu vyote, na ndani ya bahasha hiyo, ile tiketi ya pili. Juu yake unga wa wimbi, omena wa kukausha, yunifomu, leso mbili, na chupa ya achari ya pilipili kutoka kwa jirani yetu Mama Rehema, aliyesema chakula cha huko hakina ladha.

Begi lenyewe lilikuwa la kuazima na zipu yake ilikuwa imekufa zamani. Kwa hivyo mama alilitia lote ndani ya gunia la sukari, akachukua sindano ya gunia na uzi wa nailoni wa buluu, akashona mdomo mara mbili. Akalipiga kofi.

"Hapa hata shetani hatoi kitu," akasema.

Kwa mkoba nikabaki na pasipoti, tiketi ya kwanza na mkate. Nilijiona nimejipanga.

Jumamosi asubuhi tukapanda pickup ya jirani. Mlisindikizwa kama sisi kweli? Akina mama wa kanisa nyuma wanaimba, wadogo zangu wamevaa nguo za Krismasi. Mama alikuwa na oda ya samaki ya alfajiri, akaja moja kwa moja kutoka kwa karai, aproni bado kiunoni, patipati miguuni. Tukaombewa pale nje, halafu wote wakapanda juu waving base, ile roshani ya kupungia ndege, kusubiri nipae.

Nikaingia peke yangu na gunia langu.

Karani wa kaunta alikuwa msichana wa rika langu, rangi ya mdomo safi kabisa, kucha safi. Akatazama pasipoti, akatazama tiketi, akatazama gunia.

"Mwisho wa safari ni Johannesburg?"

"Hapana, naenda Gaborone."

"Tiketi yako inaishia Johannesburg. Una visa ya South Africa?"

"Sina. Mimi napita tu."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza polepole, na mpaka leo nayasikia yale maneno. Begi litawekwa lebo ya mahali tiketi inapoishia. Likifika Johannesburg litatoka kwenye mkanda upande wa nje, ng'ambo ya uhamiaji. Mimi bila visa sitaruhusiwa kuvuka kwenda kulichukua. Litabaki likizunguka huko na mimi nimekaa ndani.

"Na bila tiketi ya kuendelea," akamalizia, "siwezi hata kukupandisha ndege hii. Nionyeshe hiyo ya Gaborone. Nikiiona, kampuni zetu zinapokezana mizigo, nitaliandikia lebo mpaka mwisho. Iko wapi?"

Nikaangalia gunia.

Wakuu, hebu hesabuni nami. Tiketi ilikuwa chini ya leso, chini ya omena, chini ya unga, ndani ya begi, ndani ya gunia, nyuma ya mishono miwili ya mama yangu.

"Iko humo ndani," nikasema.

"Tunafunga kaunta baada ya dakika thelathini na tano," akasema. "Na ndege nyingine ni Jumanne."

Jumanne! Jumanne yule wa Donholm atakuwa ashavaa yunifomu yangu.

Karani alikuwa na kamkasi kadogo, angeweza kukata. Lakini tukikata, nani atafunga? Zipu haipo. Begi wazi halipokelewi, alisema hivyo wazi. Uzi na sindano alikuwa navyo mtu mmoja tu, na alikuwa juu kwenye roshani anasubiri kunipungia mkono.

Nilikimbia. Niliacha gunia pale, nikapanda zile ngazi na viatu mkononi. Nilipomwona nilisema tu, "Mama, sindano." Akagusa kitambaa chake cha kichwa, na sindano ilikuwa imechomekwa pale pale tangu jana, uzi ukining'inia.

Mlangoni askari akatuzuia, anayeingia ni msafiri tu. Mama akamshika mkono kwa mikono miwili akamwambia, "Baba, mimi ni Mama Nekesa, mtoto wangu anaachwa." Askari akaangalia huku na huku, akatupisha, akatufuata nyuma.

Mama akapiga magoti kwenye ile sakafu inayong'aa, akakata uzi kwa meno, akaanza kutoa. Leso. Yunifomu. Omena walipotolewa, mfuko ukapasuka.

Sitawadanganya, harufu ilifika foleni ya mwisho.

Nyuma yangu kulikuwa na wanaume wa suti na mama mmoja aliyejipulizia manukato ya kutosha kanisa zima. Huyo mama akaziba pua. "Kwani hapa ni sokoni?" akasema, na wenzake wakacheka. Mama yangu yuko chini anaokota omena mmoja mmoja, aproni ina mafuta, patipati moja imeshikiliwa na waya. Mimi nimesimama na sketi ya kuazima, sista mpya wa Botswana, natamani sakafu inimeze.

Karani akaniuliza, bila ubaya wowote, "Huyu ni mama yako?"

Nikasema, "Hapana. Ni jirani yetu tu. Ananisaidia."

Lilitoka hivyo hivyo. Sikulipanga.

Mama alikuwa hatua moja kutoka mguu wangu. Mkono wake ulisimama kidogo, halafu ukaendelea kuokota.

Na hapo hapo askari akasema kwa sauti, "Mama Nekesa, fanya haraka, mkubwa wetu anakuja!"

Pasipoti yangu ilikuwa imefunguliwa kwenye kaunta. Jina la kwanza, Nekesa. Karani akalisoma, akaniangalia, akainamisha macho akaanza kupanga karatasi zake. Ningependelea anitukane.

Bahasha ilipatikana. Tiketi ikatoka. Karani akaandika lebo mpya mpaka Gaborone, akanipa kipande cha risiti. Mama alikuwa ashapakia na anashona tena. Mshono ulikuwa umenyooka kama wa kwanza. Alipomaliza akasimama, akanipa bahasha ya vyeti kwa mikono miwili, kama anavyompa mteja.

"Sista, hizi karatasi shika mkononi," akasema. "Usiziweke tena humo."

Sista! Vile majirani wote walikuwa wananiita tangu nimalize uuguzi. Yeye hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja.

"Haya, Sista. Safiri salama."

Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akamshukuru askari, akatoka. Hakunikumbatia, kwa sababu jirani hakumbatii hivyo mbele ya watu. Alinifichia uongo wangu. Na mimi nilimwacha aende, kwa sababu kaunta ilikuwa inafungwa.

Ndege ilipoanza kutembea nilibandika uso dirishani. Niliona leso za akina mama wa kanisa zinapepea. Yeye sikumwona.

Johannesburg nilikaa saa nne sikula kitu. Nilienda dawati la transit, la wanaobadilisha ndege, mara tatu na ile risiti. Jamaa wa pale akapiga simu chini kwa watu wa mizigo, akaniuliza begi ni la namna gani. Nikamwambia ni gunia, uzi wa buluu. "Gunia?" Akasema bado halijaonekana, ngoja. Nilingoja mpaka nikaitwa kupanda, bila jibu.

Gaborone mkanda ulizunguka, watu wakachukua yao wakaondoka. Tukabaki mimi na mfagiaji. Nilikuwa na vyeti mkononi, kazi ningeipata hata gunia lisije, lakini nilikuwa nalia kama nimefiwa. Nilitaka lile gunia kuliko kitu chochote. Likatokea la mwisho kabisa, limelala ubavu, na hakuna hata uzi mmoja uliolegea.

Jumatatu saa mbili nilikuwa kazini.

Sasa mdau wa jana, jibu lako. Tiketi ukinunua mbali mbali, usidhani begi linajua unakokwenda. Uliza kabla hujasafiri kama hizo kampuni zinapokezana mizigo. Kama hazipokezani, utalichukua mwenyewe, kwa hivyo ujue kama unahitaji visa ya kutoka nje ya uwanja, na jiachie saa za kutosha. Tiketi zote weka mkononi. Soma lebo kabla begi halijaondoka machoni pako. Risiti usitupe. Na vyeti, tafadhali, visikae chini ya omena.

Hayo mtu yeyote angekwambia. La pili ndilo lililonifanya niandike.

Nilikuwa nampigia mama simu ya dukani kila mwisho wa mwezi. Tuliongea mvua, samaki, karo za wadogo zangu. Ile siku ya Embakasi hakuitaja hata mara moja, na mimi nilikosa mdomo wa kuitaja.

Baada ya miaka miwili nikaja likizo. Natoka mlango wa wanaowasili, naona wadogo zangu, naona wa kanisa, wote wamejazana pale kwenye vyuma. Mama hayuko. Nikatafuta. Alikuwa nyuma kabisa karibu na nguzo, kavaa gauni jipya, kanga begani na viatu vya kufunga, mkoba umebanwa kwapani, anaangalia tu. Hakusogea.

Niliwaacha wote nikamwendea. Akanitazama machoni, anatabasamu kidogo.

"Nekesa, leo nimekuja kama nani?"

Wakuu, nilimshika shingo nikapiga kelele katikati ya watu, "Huyu ni mama yangu! Jamani, huyu ni mama yangu!" Madereva wa teksi wakageuka. Mmoja akajibu, "Tumesikia, madam."

Mama akanifuta uso na kanga yake. Ilikuwa inanuka samaki, hata siku hiyo.

"Punguza sauti," akasema, "utadhani ni wewe unayeuza samaki."

Bado yuko, ana miaka yake mingi sasa, na mwezi ujao anasafiri kuja kwangu huku Botswana. Tiketi mbili, kampuni mbili. Nimezisoma lebo kichwani mara mia, sijalala vizuri wiki nzima.

Aliyewahi kupita transit na mzazi mzee, nipe maujanja hapo chini. Na kama wewe pia uliwahi kumwita mzazi wako jirani, andika tu, leo hatutachekana.