Sangari ya Shamba la Mzungu

Hadi leo nikisikia mtu akisema sangari ni nyasi tu, damu inanichemka. Nyasi tu! Nyasi hiyo ndiyo iliyotutoa Kitale, ikisaidiwa na kiburi cha mzungu mmoja.

Baba yangu, Barasa, alikuwa skwota kwenye shamba lililo njia ya kwenda Saboti. Alimlimia mzungu, naye akaruhusiwa kujenga nyumba na kulima ekari mbili za kutulisha. Mwaka 1945 alizikuta zimejaa sangari. Ukiiona juu haitishi: jani fupi la kijani hafifu, na shuke lenye vidole vyembamba. Balaa iko chini. Huko imetandaza mizizi mirefu, myeupe, yenye ncha kali kama sindano, na mizizi hiyo imejaa vifundo. Kifundo kimoja kikibaki ardhini, mvua ikinyesha kinatoa jani juu na mizizi chini, na hakingoji kupandwa kila mwaka kama mahindi. Kinakaa tu, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo Baba hakuikata. Kila Januari, udongo ukiwa mkavu, alichimba kwa jembe la meno, akaikung'uta mizizi na kuianika juu ya mwamba mpaka ikavunjika mkononi. Mimi na Mama tulimfuata nyuma tukiokota vipande. Nikiacha kimoja chenye urefu wa kucha, ananirudisha. Miaka minne tuliinama hivyo, na ekari zile mbili zikawa safi kabisa.

Mwaka 1949 mzungu akanunua trekta yenye diski, vile visahani vya chuma vya kukatakata udongo, ailimie sehemu yake ya mtoni iliyoshikwa na sangari. Baba akavua kofia, akamwendea.

"Bwana, usipitishe diski hapa. Itakatakata tu, na kila kipande itaota. Wacha sisi tuchimbe na jembe ya meno, wakati ya jua."

"Wewe nafundisha mimi?" mzungu akafoka. "Kata mbele maua nakuja, hapana pata mbegu, yote nakufa!"

Mbegu! Sangari ina shida gani na mbegu, wakati mizizi yake inatembea chini kwa chini? Diski ikapita. Mvua za Aprili zilipokuja, kila kipande kikaota, na mahindi yake yakageuka manjano. Sasa nani alaumiwe? Mzungu akasema Baba ndiye aliyemtupia mizizi shambani kwa makusudi. Tukapewa wiki moja tuwe tumeondoka.

Hata wiki yenyewe haikuisha. Siku ya tano trekta ilitoka mtoni, mizizi ikining'inia kwenye diski, ikapita katikati ya ekari zetu safi, ikidondosha vipande. Nyumba yetu ilipobomolewa asubuhi ile, Baba alikusanya tu vyombo. Lakini kwa ekari zile alilia, mtu mzima, mbele ya nyapara wa mzungu aliyekuwa akicheka. Sijawasamehe, wala sina mpango huo.

Tulishuka Matulo, karibu na Webuye, kwa ndugu ya Baba. Akatupatia kipande cha ardhi ambacho hakuna mtu aliyekitaka, na bila shaka unajua kilikuwa kimejaa nini. Baba mgongo ulikuwa umekwisha, lakini alishika jembe tena. Alikufa mwaka 1953, akiwa amesafisha nusu.

Nusu iliyobaki naichimba mimi. Kila mzizi ninaouanika juu ya mwamba, nalitaja jina la yule mzungu kwa sauti, majirani wasikie.