Mgabo na Mgambo

Nilipopangiwa kazi Kasulu miaka ya tisini, nilifika na kiburi cha mtu wa Tanga: Kiswahili ni changu, wengine wanaazima tu. Nikapewa ukarani kwenye kituo kilichowapokea wakimbizi wa Burundi kabla ya kupelekwa kambini.

Asubuhi moja, mama mwenye mtoto mgongoni aliketi mbele ya meza yangu. Nikamuuliza amekuja na nani.

"Na mgabo wangu. Yuko nyuma, ana mizigo."

Mimi nikasikia mgambo. Nikaweka kalamu chini.

"Una mgambo wako mwenyewe?"

"Yego," akaitikia, kwa fahari kidogo.

"Tangu lini?"

"Miaka tisa."

Nikaandika: amefuatana na mgambo, kazini miaka tisa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, hilo sikatai. Mkuu wetu aliposoma akakunja uso. Watu wa bunduki hawakuchanganywa na familia. Akaamuru mwanaume huyo akifika apelekwe polisi, na mama apande lori bila yeye.

Mwanaume akatokea na godoro kichwani. Askari wawili wakamshika. Mama akaanza kulia huku akinitazama mimi, maana ndimi niliyemhoji.

Mama alisema kweli. Mimi niliandika nilichosikia, sikuongeza neno. Basi uongo uliokuwa kwenye ile karatasi ulitoka kwa nani?

Mhudumu wetu wa usafi, mama wa Kiha kutoka Makere, aliegemeza ufagio ukutani akachungulia nilichoandika.

"Dada, kwao na kwetu mgabo ni mume," akasema. "Hata mimi ninaye nyumbani. Bunduki hana, na jembe lenyewe anaazima kwangu."

Mkuu akacheka mpaka akavua miwani, kisha akawaambia askari wamwachie. Nilikaa nikamshukuru Mungu kwa sauti, wala sikuona haya. Nikakata lile neno, nikaandika mume.

Kabla ya kupanda lori, yule mama alirudi mezani kwangu akiwa amemshika mumewe mkono. Machozi hayajakauka vizuri, lakini anatabasamu.

"Mgabo," akanitamkia polepole.

Nikarudia, kwa Kiswahili changu chote cha Tanga, na ile m ikajipenyeza tena katikati.

"Hapana, karani. Hapo bado umemfunga."

Nikarudia tena.