Mwenye Zulia Alikuja Ijumaa

Nilikimbia. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisema kwamba nilitoka dukani kwa Sefu nikitembea taratibu, kama mwalimu wa chuo anavyotembea. Uongo. Nilikimbia mchana kweupe, viatu mkononi, na wenye pikipiki wa mtaa wa Mulongwe walinipigia mbinja. Usipoyaamini haya mengine sitakulaumu. Mimi mwenyewe nilisomea kutoyaamini. Lakini yalitokea.

Sefu aliuza mazulia ya Uajemi, yale yanayoingia kwa ziwa kutoka Kigoma. Zamani aliyauza pamoja na Ramazani, mume wa jirani yangu wa Nyamianda, Mama Zaina. Sikuwahi kumwona huyo mume. Alipotoweka, Sefu aliapa kwamba mwenzake amevuka mpaka na kuoa Bujumbura. Basi Mama Zaina hakuwa mke wala mjane. Kila alipodai fungu la watoto katika mali ya baba yao, Sefu alimjibu, "Bwana yako iko muzima, mama. Umungojee."

Ijumaa hiyo Sefu alinitandikia zulia jekundu, la zamani, laini kama shavu la mtoto. Bei yake ilikuwa ndogo hadi nikaona aibu, ingawa haikudumu. Adhana ikaita.

"Uliangalie pole pole, Madamu. Minye nakwenda kusali."

Akaweka fimbo mlangoni kuonyesha kwamba duka limefungwa, nami nikabaki ndani.

Nilipoinua macho, mwanamume alikuwa amesimama upande wa pili wa zulia. Nguo zake zilichuruzika maji. Nje jua liliwaka, na sakafu ya saruji chini yake, niamini, ilikuwa kavu.

"Weye ndiye unainunua?" aliuliza.

"Naangalia tu."

"Tapi haiangaliwi usoni, dada. Inaangaliwa mugongo."

Aliinama, akashika pembe ya zulia, akaligeuza. Nyuma, palipo na mafundo ya nyuzi, kulikuwa na doa jeusi, pana, ambalo wekundu wa mbele ulilificha.

"Iko ya kwangu. Umuambie Mama Zaina sikuoa."

Nililitazama doa. Nilipomtazama yeye, hakuwapo, na fimbo ilikuwa bado mlangoni. Hapo ndipo viatu vilipohamia mkononi.

Unadhani nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Zaina? Nilirudi Jumatatu kulinunua zulia. Nilijiambia ni joto, ni njaa, ni macho ya umri wangu. Ukweli ni kwamba nilijua nikisema, zulia litanitoka.

Kila asubuhi, sebuleni, manyoya yake yalikuwa yamelazwa kwa umbo la mtu. Niliyapiga brashi. Nilimlaumu paka. Sina paka. Mwishowe nikamwita Mama Zaina, nikamweleza yote, nikingoja anicheke. Hakucheka. Alipiga magoti kando ya lile umbo, akalifuata kwa kidole bila kuligusa.

"Analala ivi," alisema. "Mukono chini ya shavu." Kisha akanigeukia. "Na weye ulinyamaza, mwalimu? Sababu ya tapi tu?"

Leo nyumbani kwangu tunakaa kwenye mkeka, na wageni husifu unyenyekevu wangu. Wewe unayesoma, ukipewa kitu kizuri kwa bei ya kutupa, uliza kwanza ni nani aliyekiacha. Na ukitumwa ujumbe, ufikishe siku hiyo hiyo, hata kama elimu yako inakucheka.

Maana siku ile, kabla sijamjibu jirani yangu, simu iliita. Alikuwa Sefu. Niliwasha kipaza sauti ili sote tusikie.

"Madamu, unirudishie ile tapi. Nitakulipa mara mbili. Kila Ijumaa anaingia, anaiuliza."

"Nani?"

"Unamujua! Nilimufunga na mawe minye mwenyewe, mu ziwa. Muntu hawezi kutoka kule!"

Mama Zaina alivua hereni zake, moja, kisha ya pili, akaniwekea mkononi. Akajifunika kitenge kichwani.

"Umuambie Sefu asante," alisema. "Sasa niko mujane."