Fungua Boneti Kwanza, Mwanangu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona kama mikono yangu inanuka petroli upya. Nilikuwa nesi mgeni Tarime, binti wa Njombe niliyetoka chuoni na kupangiwa kituo kidogo cha afya kule Gorong'a, sijui Kikurya hata cha kuombea maji ya kunywa. Wenyeji walinipokea vizuri. Waliniita Sista, wakanizoesha ugali wa mtama na muhogo, na mimi nikawazoesha sindano zangu. Ila nilikuja na kaubishi kangu ka chuoni: gauni langu lilikuwa jeupe, na nilitaka libaki jeupe.

Gari la kituo lilikuwa Landrova kuukuu la petroli, na dereva wake aliitwa Mzee Marwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Kila asubuhi kabla ya kuliwasha gari alilizunguka akiligongagonga kama mfugaji anayekagua ng'ombe wake. Nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo. Ujana, mwanangu, hucheka kitu ambacho haujakihitaji bado.

Siku hiyo aliletwa mama kijana, jina lake Gati, uchungu wa mimba ya kwanza umemshika tangu alfajiri. Nilipompapasa tumbo nilikuta mtoto amelala kwa upana. Hilo halikuwa jambo la kumalizia pale kwetu. Ilibidi afike hospitali mjini, na afike upesi. Tukamlaza nyuma ya gari juu ya godoro, mama mkwe wake akakaa naye, mimi nikakaa mbele na Mzee Marwa, tukaondoka.

Tulikuwa tunapanda kilima kirefu gari lilipoanza kukohoa. Likakohoa, likajivuta, likakohoa tena. Likafika kileleni kwa kujikongoja, kisha likazima. Mzee Marwa akazungusha ufunguo mara nyingi mpaka betri ikachoka, likawa linaguna tu. Akachukua hendeli, lile chuma lililopinda la kuwashia injini, akaenda mbele ya gari kulizungusha kwa mkono. Wewe hujaziona hendeli hizo, mwanangu. Zilikuwa kama nyumbu, zikiamua kurusha teke zinarusha. Ilirudi nyuma kwa nguvu, ikampiga kifundo cha mkono wa kulia. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu.

Nikamfunga mkono kwa kipande cha ubao na bandeji. Kule nyuma Gati alikuwa analia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeanza kuchoka, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi. Barabara ilikuwa tupu. Simu za mkononi wakati huo hazikuwepo.

"Haya, Sista," Mzee Marwa akasema. "Fungua boneti."

"Mimi?"

"Sasa kuna nani mwingine mwenye mikono miwili?"

"Mzee Marwa, mimi ni nesi. Mambo ya injini siyajui."

Hakupandisha sauti. Aliniangalia tu, jasho la maumivu likimtiririka. "Juzi ulipokuwa unamshona yule kijana aliyepigwa pembe na ng'ombe, nani alimshika mguu?"

"Ni wewe."

"Nilikwambia mimi ni dereva, mambo ya nyama siyajui?"

Mama mkwe wa Gati akachungulia dirishani, akanifukuza kwa mkono kama unavyofukuza kuku. "Sista, nenda bwana. Huyu nitamwangalia mimi. Wewe fanya hilo lidude litembee."

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama.

Lakini Mzee Marwa hakuniruhusu kugusa kitu. Alinizuia kwanza. "Kabla ya mkono, sikio," akasema. "Lilizimaje? Ghafla kama taa, au kwa kukohoa?"

"Kwa kukohoa."

"Likizima ghafla, anza kutafuta umeme. Likikohoa, anza kutafuta mafuta. Tazama upande huo, chini, kuna kikombe cha kioo. Unaona nini ndani yake?"

Nikakiona. Kilikuwa kidogo, kimening'inia chini ya pampu ya mafuta, na ndani yake mlikuwa na kitu cha rangi ya chai: maji, kutu na takataka za tangi. Akanielekeza namna ya kulegeza waya uliokishika. Nikakitoa, nikamwaga uchafu, nikakisuuza kwa petroli safi aliyokuwa akiiweka akiba kwenye dumu dogo, nikasafisha na kichujio chake cha wavu. Nikarudisha. Pampu ilikuwa na kijiko kidogo pembeni cha kuvutia mafuta kwa kidole. Nikapampu, nikapampu, kijiko kikabaki chepesi.

"Kinakuwa kizito?" akauliza.

"Hapana."

"Basi inavuta hewa. Ule mpira wa mviringo kwenye mdomo wa kikombe umekaa sawasawa, au umejikunja?"

Ulikuwa umejikunja. Nilitaka kulia. Yeye akasema kwa utulivu, "Hujaharibu kitu. Toa, weka tena." Nikatoa, nikaweka tena, nikapampu. Safari hii kijiko kikawa kizito chini ya kidole changu, kama mshipa wa mgonjwa unaoanza kupiga vizuri. Hakuna aliyeniambia, nilijua mwenyewe kwamba nimepatia. Furaha ile, mwanangu, hainunuliwi dukani.

Betri ilikuwa imekufa, lakini mbele yetu palikuwa na mteremko. Mzee Marwa akakaa kwenye usukani, mimi na mama mkwe tukasukuma. Gari likaanza kuteleza, likashtuka, likanguruma, likatuacha! Tulilikimbilia kule bondeni, bibi yule amekunja kanga yake hadi magotini na ananishinda mbio. Kutoka hapo hadi mjini mzee alishika usukani kwa mkono wa kushoto na kukanyaga klachi, na mimi kando yake nikawa ndiye mwenye gia. "Mbili!" anasema, naweka mbili. "Tatu!" naweka tatu. Mara nyingine nilikosea, gari likapiga kelele, na Gati mwenyewe, katikati ya uchungu wake, akacheka.

Alipasuliwa siku hiyo hiyo akapata mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa. Daktari wa zamu alitazama gauni langu lililojaa mafuta meusi, akauliza kati yetu mgonjwa ni nani.

Mkono wa Mzee Marwa ulipona, na kuanzia hapo nikawa mwanafunzi wake. Aliponiona nimesimama bila kazi aliniita. Alinifundisha plagi, platini za kutengeneza cheche, mkanda wa feni, na namna ya kusikiliza. Mimi nilimfundisha kupima presha. Nilikuja kuolewa hapahapa Tarime, nikalea watoto, nikastaafu, na leo naishi Nkende na pikapu yangu kuukuu ambayo majirani wanaijua kwa mlio.

Sasa, kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu ya simu hiyo uliyoishika.

Mjukuu wangu aliniingiza kwenye jukwaa la wapenzi wa magari mtandaoni. Mwanzoni nilisoma tu, kwa aibu ya uzee. Loo, lilikuwa na raha! Mtu wa Mbeya anaweka picha ya injini yake iliyofunguliwa, wa Mwanza anamwambia hapo umekosea, wa Arusha anawakatalia wote wawili. Wanabishana mpaka utafikiri watapigana, halafu kesho yake mwenye gari anarudi na kusema, "Ndugu zangu, ilikuwa waya wa ardhi. Limewaka." Wote wanafurahi kama wamezaa. Nikaona, kumbe huyu ni Mzee Marwa amekuwa watu wengi. Sauti iko mbali, mikono ni ya kwako. Ndivyo nilivyojifunza mimi kileleni pale. Nikaanza kujibu, wakanipa jina la Bibi Landrova, na sikulikataa.

Lakini siku hizi jukwaa limepoa. Mtu anauliza, anajibiwa, "Peleka wakapime kwa kompyuta." Mwingine, "Uza hilo, nunua jingine." Wanaobaki wanaonyeshana rimu na rangi. Na yule aliyeuliza akisaidiwa haonekani tena. Hatujui kama gari lilipona au lilikufa. Nilifika mahali pa kutaka kujitoa.

Ndipo akatokea Neema. Huyu ni mwalimu kijana, mtu wa Dodoma, aliyepangiwa shule moja upande wa Ikoma, jirani na mbuga ya wanyama. Mchana mmoja aliandika kwamba gari lake dogo limegoma kuwaka barabarani, na wanafunzi wake wako uwanjani wakimsubiri awapeleke jezi za mashindano. Majibu yakaja kama kawaida: ita gari la kuvuta, wanawake na magari wapi na wapi, na kadhalika. Nikampa namba yangu faraghani, akapiga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ukizungusha ufunguo unasikia nini?"

"Tik, tik, tik. Halafu basi."

"Taa za dashibodi?"

"Zinawaka, nikizungusha ufunguo zinafifia."

"Vizuri. Zima kila kitu, shuka, ufungue boneti."

"Bibi, huku kuna nyati."

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana nyati si kitu cha mzaha. "Wako wapi?"

"Mbali kidogo. Wanakula majani."

"Basi kaa ndani, vioo juu, tuongee mpaka waende. Haraka haraka haina baraka, hasa mbele ya nyati."

Tukaongea. Aliniambia anavyomkumbuka mama yake, na jinsi alivyonunua gari lile akiogopa hata kugusa kifuniko cha maji. Nyati walipovuka wakapotelea vichakani, akatazama kila upande, akashuka. Nikamuuliza kuhusu betri. Akasema kwenye kichwa kimoja cha betri kuna unga mweupe unaoelekea kijani, na waya unacheza ukiguswa. Palepale nikatabasamu peke yangu sebuleni kwangu. Nikamwambia afunge kitambaa mkononi, unga ule usimguse ngozi wala macho, afute, azungushe ule waya huku akiugandamiza mpaka ung'ang'anie, kisha ajaribu.

Nilisikia gari likiwaka kwenye simu. Nilisikia na yeye akipiga kelele. Mwalimu mzima!

"Bibi! Bibi, nimewasha mimi!"

"Nani mwingine alikuwepo hapo? Nenda, watoto wanasubiri jezi. Ukifika penye spana, kaza vizuri."

Jioni ile Neema alirudi jukwaani. Aliandika kila kitu: mlio, unga mweupe, nyati, na hata hofu yake. Aliweka picha ya viganja vyake vyeusi. Mmoja wa walioandika upuuzi akaomba radhi. Na watu wa zamani ambao sikuwaona kwa muda mrefu wakaanza kujitokeza, huyu anaongeza hiki, yule anasahihisha kile, na mabinti wengine wakaanza kuuliza maswali waliyokuwa wameyaficha. Sasa Neema ndiye anayewajibu. Mara nyingine anajibu kabla yangu, na anajibu vizuri kuliko mimi, kwa sababu magari ya siku hizi anayajua yeye.

Basi sikia, mwanangu. Sikuambii usiende kwa fundi. Fundi ana kazi yake na heshima yake, na yapo mambo katika magari ya leo, breki, mifuko ya hewa, umeme mkubwa wa yale yanayoendeshwa kwa betri, ambayo ukiyachezea bila kujua utaumia au utaumiza mwenzako. Kujua mahali pa kuishia nako ni kujua. Ninachokuambia ni kwamba usikimbie kabla hujafungua boneti. Sikiliza kwanza, tazama, jiulize lilizimaje. Hata ukiishia kwa fundi, utafika ukiwa mtu mwenye habari, na fundi mwema hupenda mteja wa namna hiyo.

Usione haya kuuliza. Sisi wa wodi ya wazazi tunasema kwa uhakika kabisa kwamba mficha uchi hazai. Na ukiulizwa, usimcheke aliyeuliza, kwa kuwa hujui yuko wapi na amembeba nani kiti cha nyuma. Ukisaidiwa, rudi useme ilikuwaje, hata kama ulikosea, hata kama ulikunja mpira. Lile neno lako moja, "limewaka", kesho litamwokoa mtu ambaye hutamjua kamwe. Na ukiona mimi au mzee mwenzangu tumeandika jambo lililopitwa na wakati, tusahihishe kwa adabu. Tutakusikia. Hatukuzeeka ili tuwe sahihi siku zote.

Nimeishi vizuri, mwanangu. Nimeshika watoto wengi wa watu wakiingia duniani, na nimeshika spana. Namshukuru Mungu kwa yote mawili, wala sijui kipi kilinifundisha subira zaidi.

Mungu aibariki mikono yako, iwe na nguvu ya kufungua na upole wa kurudisha. Akupe masikio ya kusikia kabla ya kusema, na watu wa kukujibu ukiwa mbali na nyumbani. Njia zako zote ziwe na mwisho wenye mlango wazi na chakula mezani. Na ukikwama, kama sote tunavyokwama, moyo wako usikwame nawe. Nenda salama, mwanangu, na uwashe.