Mzigo wenye tumbo

Juzi, ndani ya lori kutoka Miti, nilikuwa ninambembeleza mwanangu kwa wimbo wa Kimashi aliotuimbia baba, tuliyemzika mwezi uliopita: mzigo una tumbo, mzigo hautembei. Mzee wa kando yangu akacheka, akijipigapiga bega.

“Citoyen, ile wimbo alikufundisha nani?”

“Ni papa yangu. Alisafiri na wazungu mpaka Shabunda.”

“Wazungu ndio walisafiri! Sisi tulibeba kiti, nao wamekaa ndani. Wakiuliza tunaimba nini, tunajibu: tunasali.”

Lori zima likacheka, nami pia. Baba hakuwahi kututajia habari ya kubeba. Tulidhani mzigo ni mtoto. Jioni nilimwombea kama kawaida, Mungu ampumzishe roho. Kisha nikaongeza: na bega pia.