Mmarekani na Mkono wa Kushoto

Leo nimemnyima mgeni kahawa niliyommiminia mwenyewe.

Barasa, Mkenya anayelinda jengo letu hapa Deira, Uarabuni, ndiye aliyemleta dukani kwangu: Mmarekani mrefu, mstaafu wa besiboli, ataka kushonewa suti. Miaka kumi na minne alilipwa kusimama mwisho wa uwanja, kudaka mipira ya mbali na kuirusha ndani.

Haya, kazi ni kazi.

Mnanijua: simpimi mtu kabla hajanywa kahawa yangu. Nikampa kikombe. Akanyoosha mkono wa kushoto.

Nikakirudisha.

"Bwana, hapa tunapokea kwa mkono wa kulia."

Akacheka. "Huu ndio uliodaka mipira yote. Ndio ulionilisha."

"Basi na uendelee kukulisha huko huko."

Kicheko kikakatika. "Khalas," akasema, yaani basi, neno pekee la Kiarabu analolijua, akatoka.

Barasa akanigeukia kwa ukali. "Mzee, huo wa kulia haupandi! Bega liliisha kwa kurusha mipira. Unafikiri anashonesha kwa nini? Koti la dukani hawezi kulivaa peke yake!"

"Na wewe ulinyamaza kwa nini?"

"Si wewe ndiye fundi?"

Wateja wawili waliokuwemo dukani wakainama kutazama vitambaa.

Nilaumuni, nimezoea. Nina hasira na yule Mmarekani kwa kutosema, na Barasa kwa kusema mbele ya watu.

Lakini miaka thelathini napima mabega, na leo nilitazama mkono tu.